Kutunza Mbegu za Mboga na Kukata Ncha za Miche

Bwana Mhariri ameniomba niandike habari za kilimo, kwa kuwa mwaka huu nimepewa kazi ya kusimamia shamba la shule. Wenzangu walionitangulia waliandika juu ya mahindi, na waliandika vizuri. Mimi nimechagua mboga ambayo sisi sote tumeila tangu utoto, na ambayo kwa maoni yangu haijaheshimiwa vya kutosha. Kwa Kiswahili huitwa mgagani. Wajaluo huiita dek, Waluhya tsisaka, Wakisii chinsaga, na ukivuka mpaka ukaendelea mbele hata Buganda utasikia ejjobyo. Majani yake hutoka matano matano katika kikonyo kimoja kama vidole vya mkono, na ladha yake ina uchungu kidogo. Ninyi wanafunzi wa zamani mlioko Nairobi na Kampala bila shaka mmekwisha kuikumbuka.

Nitasema mambo mawili: jinsi ya kutunza mbegu zake hata siku ya kupanda zikaota, na jinsi ya kukata ncha za miche yake ili itoe majani mengi. Mambo haya yanafaa pia kwa kunde, mnavu na mchicha, na penye tofauti nitaeleza.

Msomaji asidhani kwamba ni jambo dogo. Hapa mpakani mvua huja mara mbili kwa mwaka, kubwa kuanzia Machi na nyingine kuanzia Agosti au Septemba. Mboga ya kwanza kufika sokoni Busia baada ya kiangazi huuzwa kwa bei nzuri, maana watu wa pande zote mbili huitamani. Baada ya majuma matatu hivi kila mtu ana mboga, na bei huanguka. Basi yule ambaye mbegu zake hazikuota, akalazimika kupanda mara ya pili, hufika sokoni wakati fungu moja halimpi hata nauli ya kurudi nyumbani. Mwanafunzi ambaye karo yake hutoka katika mafungu ya mboga anaijua hesabu hiyo kuliko hesabu za darasani.

Mwaka jana jambo hilo lilitupata sisi. Mwezi wa Machi mama alinunua mbegu za mgagani kwa mwuzaji mmoja sokoni, vijiko kadhaa vilivyofungwa katika karatasi. Shamba lilikuwa limelimwa vizuri na samadi imetiwa. Mvua ikanyesha. Tukangoja siku saba, tukangoja kumi, tukangoja kumi na nne. Yaliota magugu tu. Jirani yetu, aliyepanda siku ile ile mbegu alizojiwekea mwenyewe, alikuwa amekwisha kuanza kupunguza miche. Watu walisema mengi: wengine mchwa, wengine sisimizi, na wengine kijicho. Mama alimrudia yule mwuzaji, naye akaapa kwamba mbegu zake zilikuwa mpya kabisa, zimevunwa mwezi wa Januari.

Nami nasadiki kwamba alisema kweli. Hapo hasa ndipo taabu ilipo.

Mbegu ni kitu hai. Ndani ya ganda lake mna mmea mchanga pamoja na chakula chake, na mmea huo unavuta pumzi, ingawa polepole mno. Mbegu isipoota, sababu huwa moja kati ya mbili: ama imekufa, ama imelala. Kwa macho huwezi kuzitambua. Mbegu iliyokufa, iliyolala na iliyo tayari kuota zote hufanana mkononi, na wauzaji wote watatu hutaka bei moja.

Kwanza habari ya kulala. Mbegu ya mgagani iliyotoka kuvunwa haipendi kuota, hata ukiipa maji na joto. Wataalamu walioichunguza wamekuta kwamba huhitaji kukaa katika hali kavu miezi mitatu hata sita hivi, ndipo usingizi uishe. Ukitafakari utaona kwamba ni akili ya mmea wa porini. Kama mbegu zote zingeota mara zinapodondoka, kiangazi kingezikuta bado changa na kuziua zote. Lakini tazama jambo hili linavyomtega mkulima wa Busia au Tororo. Anavuna mbegu Januari, anapanda Machi: imekaa miezi miwili tu, bado imelala. Anavuna Julai, anapanda Septemba: vile vile. Mbegu zinazofaa kwa mvua ya Machi ni zile za Julai iliyopita, na zinazofaa kwa Septemba ni zile za Januari. Kila mbegu sharti iruke msimu mmoja.

Mama alizitia mbegu zilizobaki katika chupa kavu, si kwa hekima kubwa, ila kwa uchungu wa fedha alizotoa. Mwezi wa Septemba alizipanda kando ya jiko, nazo zikaota kama nywele.

Tena mgagani una tabia nyingine isiyo ya mboga nyingi. Mwanga huizuia mbegu yake isiote. Huota vizuri zaidi gizani, katika joto la digrii 30 hivi, au pale joto linapopanda mchana kufika 30 na kushuka usiku kufika 20. Basi mtu anayezitawanya juu ya udongo na kuziacha wazi anajinyima mwenyewe. Zipandwe katika mifereji myembamba, zifunikwe kwa udongo mlaini usiozidi unene wa kidole. Zikizikwa chini sana pia hazitatoka, maana mbegu ni ndogo na chakula chake ni kidogo. Na zipandwe pale pale zitakapokaa, kwa kuwa mzizi wake mkuu hauvumilii kung'olewa na kuhamishwa.

Sasa mtu atasema: kama ni kungoja tu, basi nitaziweka mfukoni mwa koti miezi minane. Hapana. Hapo ndipo adui wa pili huingia, yaani kifo. Kuruka msimu mmoja maana yake ni kuzipitisha mbegu katika miezi ya mvua, na mbegu huuawa na unyevu na joto. Zikipata unyevu usiotosha kuota lakini unaotosha kuziamsha, huvuta pumzi kwa haraka, hula akiba yao, hupata kuvu, na hatimaye hufa pasipo kelele. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza mboga za kienyeji, alikuta mapema kwamba moja ya taabu kubwa za wakulima wa mboga hizi ni ubovu wa mbegu zenyewe.

Mtaalamu mmoja wa Marekani aliyeitwa James Harrington alitoa kanuni ambazo hata leo hufundishwa. Kanuni ya kwanza yasema kwamba kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa sehemu moja katika mia, maisha yake huongezeka mara mbili. Kanuni ya pili yasema kwamba kila unapopunguza joto la mahali zilipowekwa kwa digrii 5 na nusu hivi za Selsiasi, maisha yake huongezeka tena mara mbili. Kanuni hizi zina mipaka yake, lakini kwa mbegu zetu za kawaida zinatosha. Hebu tufanye hesabu. Mbegu zenye unyevu wa asilimia 12 zikikaushwa hata zikabaki na asilimia 8, umepunguza mara nne. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 16. Zitaishi mara 16 zaidi, na hukununua kitu chochote ila jua la asubuhi.

Iko kanuni ya tatu, nayo ndiyo iliyonifungua macho. Ukichukua joto la mahali kwa kipimo cha Fahrenheit, ukajumlisha na asilimia ya unyevu wa hewa, jumla isizidi 100. Tujaribu kwetu. Siku ya joto la digrii 28 za Selsiasi ni kama 82 za Fahrenheit. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70, jumla ni 152. Tumeshindwa kabla ya kuanza! Katika hifadhi ya mbegu ya taifa iliyoko Muguga, karibu na Nairobi, mbegu hukaushwa sana kisha huwekwa kwenye baridi ya digrii 20 chini ya sifuri. Sisi hatuna baridi hiyo, na hatutaipata kwa kufungua madirisha. Lakini hewa iliyo ndani ya chupa moja tunaweza kuitawala. Tukikausha mbegu, tukazifungia pamoja na hewa kavu, kule nje mvua na inyeshe inavyopenda.

Nguvu ya ukavu si hadithi. Katika ngome ya kale ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, palichimbuliwa mbegu za tende zenye umri wa miaka 2,000 hivi. Mwaka 2005 mojawapo ilipandwa ikaota, na mti wake bado uko. Hakuna aliyeitunza mbegu ile. Jangwa lilimfanyia kazi.

Wazee wetu hawakuwa na kitabu cha Harrington, lakini walikuwa na jiko. Nyanya yangu alikuwa akifunga mbegu za mboga katika kitambaa au kuzitia katika kibuyu kidogo, kisha akavining'iniza juu ya mafiga, mahali moshi unapopita. Joto la jiko hukausha, na moshi huwafukuza wadudu. Ni njia njema, nami siwacheki wanaoifuata. Kasoro yake ni kwamba kibuyu kikishuka karibu mno na moto mbegu hupikwa. Tena siku hizi nyumba nyingi zimeacha moto wa kuni ndani, na kibuyu kimebaki kwa mazoea tu, juu ya jiko la gesi lisilo na moshi. Kibuyu kilicho wazi bila moshi hakikaushi. Hunywa unyevu wa Aprili kama sifongo.

Kwa hiyo sisi shuleni hufanya hivi. Maganda ya mgagani yakianza kugeuka manjano huchumwa kabla hayajapasuka, maana yakipasuka mbegu humwagika zote. Hutandazwa juu ya gunia kivulini hata yakauke na kujifungua. Mbegu hupepetwa, kisha huanikwa juu ya mkeka kwa safu nyembamba asubuhi kadhaa, na kuingizwa ndani kabla ya umande wa jioni. Kamwe haziwekwi juu ya bati adhuhuri. Baadaye hutiwa katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, na juu yake tunaweka kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu bila mafuta, ukapoa, maana mchele huo hunywa unyevu uliobaki. Chupa hujazwa sana ili hewa iwe kidogo. Huandikwa jina la mboga, mwezi na mwaka, kisha huwekwa sanduku la giza katika chumba chenye ubaridi kuliko vingine. Kwetu ni stoo ya vitabu vya zamani, ambako hakuna mtu anayeingia!

Mbegu kubwa kama kunde na mahindi zina jaribio lake la unyevu. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na mbegu kiasi, funga, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishika kioo, mbegu bado zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15, zirudishwe juani. Ikianguka chini bila kushika, zimefika pazuri, ingawa kwa kukaa muda mrefu ziongezwe siku nyingine za jua.

Kunde zina adui wa pekee, naye ni fukusi. Mwenzangu mmoja wa bweni ni Mjapadhola kutoka upande wa Tororo, na kwao, kama kwa jirani zao Wateso wanaoyaita majani ya kunde eboo, kunde ni chakula na mboga pia. Ameniambia kwamba bibi yake huchanganya kunde za mbegu na majivu yaliyochekechwa, mengi karibu kulingana na kunde zenyewe, akavishindilia vyote pamoja katika chungu. Nilidhani majivu ni sumu kwa fukusi, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Fukusi hutaga mayai yake juu ya kunde, na mtoto wake hukua ndani. Anapotoka akiwa mkubwa hana budi kutembea apate mwenzake. Majivu yakijaza nafasi zote kati ya kunde, hana njia. Hufa palepale bila kuzaa. Siku hizi iko pia mifuko ya safu tatu isiyopitisha hewa, iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi. Humo fukusi huishiwa hewa. Kwa mwenye gunia zima ni msaada mkubwa. Kwa mbegu za bakuli moja, majivu yatosha.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Haya yote hayahusu embe, fenesi wala parachichi. Mbegu zake hufa zikikaushwa. Hizo hupandwa mara tu tunda linapoliwa.

Juma moja au mawili kabla ya mvua, zijaribu mbegu zako. Hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke ndani ya bakuli lililofunikwa mahali penye joto na giza. Kitambaa kisikauke, wala kisielee majini. Baada ya siku kumi hesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, furahi. Zikiwa 50, panda mara mbili ya kawaida. Zikiwa 10, usihangaike nazo shambani. Kama ni za mgagani na ni mpya, zirudishe chupani zikalale mpaka msimu ujao, kisha uzijaribu tena. Na mtu akikuuzia mbegu, usimwulize tu kama ni mpya. Mwulize zilivunwa mwezi gani.

Basi mbegu zimeota, tumepunguza miche ikabaki imeachana kwa upana wa kiganja. Sasa tuje kwenye kukata ncha.

Mgagani ukiachwa hupanda wima kama askari, na baada ya majuma manne hata sita huanza kutoa maua. Maua yakitoka, majani mapya huwa madogo na machungu zaidi, na mmea hutumia nguvu zake katika maganda ya mbegu. Mkulima anayetaka majani hukata ncha mapema, mche unapofika kimo cha shibiri moja hivi, katika juma la tatu au la nne. Hubana ncha kwa ukucha, au hukata kwa kisu safi, akiacha majani manne au matano chini. Baada ya siku chache, penye kwapa la kila jani lililobaki, hutoka chipukizi. Mche mmoja wima umekuwa kichaka chenye matawi manne. Ukichuma ncha za matawi hayo, nayo hutoa mengine, na maua huchelewa.

Kwa nini? Katika kila kwapa la jani kuna kitumba kilichokaa kimya tangu mwanzo. Kinaizuiwa na ncha ya juu. Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka 1880 kwamba ncha ya mche hupeleka amri fulani kwenye sehemu za chini. Baadaye amri hiyo ilijulikana kuwa ni kitu halisi, homoni iitwayo oksini. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata vichwa vya miche ya maharagwe mapana, wakatia oksini juu ya kisiki, na vitumba vikaendelea kukaa kimya kana kwamba kichwa bado kipo. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2014 wataalamu walionyesha katika njegere kwamba ncha inapokatwa, jambo la kwanza kufika kwenye vitumba ni sukari. Ncha ilikuwa ikila sukari yote. Ikiondoka, sukari hushuka, na vitumba huamka kabla hata oksini haijapungua mahali hapo. Ndiyo maana nasisitiza kuacha majani manne au matano. Sukari hutengenezwa na majani. Mtu anayekata mche hata ukabaki kijiti amewaamsha watoto katika nyumba isiyo na chakula.

Iko homoni nyingine, na hii kila mtu wa Busia aliwahi kulia kwa sababu yake bila kuijua. Mnajua gugu la kiduha, Wajaluo wanaloliita kayongo, lile lenye maua mazuri ya zambarau yanayonyonya mizizi ya mahindi, mtama na wimbi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na huweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi, zikingoja mzizi wa kuunyonya upite karibu. Zinajuaje kwamba mzizi umefika? Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani walipata katika mizizi ya pamba kitu kinachoziamsha, wakakiita strigoli. Jamaa yake wote huitwa strigolaktoni. Miaka mingi watu walishangaa mbona mmea utoe kitu cha kumwita mwizi wake. Mwaka 2005 sababu ilijulikana: mmea unawaita kuvu wema wa ardhini wanaousaidia kupata fosfati. Mwizi amejifunza tu kusikiliza. Kisha mwaka 2008 makundi mawili ya wataalamu, moja likiongozwa kutoka Ufaransa na jingine kutoka Japani, yalitangaza kwamba strigolaktoni hizo hizo, ndani ya mmea, ndizo zinazoviambia vitumba vya kando vikae kimya.

Mimi nilipolisoma jambo hili sikulala mapema. Maana yake kwa shamba letu ni hii: udongo ukikosa fosfati, kama ulivyo udongo mwingi wa huku magharibi, mizizi hutoa strigolaktoni nyingi zaidi. Mahindi ya jirani hupata kiduha, na mgagani wako ukikatwa ncha hutoa matawi machache yaliyodumaa. Wengine husema kukata ncha hakufai, kwa kuwa walijaribu wakaona hasara. Nafikiri walijaribu katika udongo wenye njaa. Samadi itangulie, kisu kifuate. Na kama babu zetu wa Bukedi na Busia walikuwa wakilima pamba na mtama kwa zamu katika shamba moja, walikuwa wakifanya jambo jema: pamba huziamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuishi juu ya mzizi wa pamba, hivyo huamka na kufa.

Si kila mmea hukatwa ncha. Mnavu, mchicha, kunde za kutambaa na pilipili hukubali. Mahindi, mtama na wimbi usiguse, maana ncha yake ndiyo itakayotoa maua. Sukuma wiki nayo huchumwa majani ya chini, ncha ikaachwa iendelee. Wala usikate mche wowote katika jua kali la kiangazi au siku umenyauka.

Limebaki jambo moja ambalo sijaona watu wengi wakilifanya, na kwa maoni yangu ndilo linaloiharibu mboga yetu polepole. Mmea uliokatwa ncha kila juma hauzai mbegu nzuri. Basi mbegu zetu hutoka wapi? Hutoka kwenye mimea iliyoponyoka: ile iliyotoa maua haraka kabla hatujaichuma, ile myembamba ya pembeni ambayo hakuna aliyeitaka. Tunakula iliyo bora na kupanda iliyo dhaifu, msimu baada ya msimu, kisha tunalalamika kwamba tsisaka ya siku hizi huwahi kutoa maua.

Mimea ya mbegu yafaa ichaguliwe kabla ya kisu cha kwanza kuingia shambani, katika juma la tatu. Ichaguliwe yenye majani mapana na shina nene, isiyo na ugonjwa, na baadaye itakayowahi sana kutoa maua iondolewe. Si mmoja wala miwili. Ishirini au thelathini katika shamba la kawaida, ili mbegu zisitoke kwa mzazi mmoja. Hiyo haikatwi ncha wala haichumwi hata jani. Shuleni tumeifunga nyuzi nyekundu za sufu zilizotoka kwenye sweta iliyochakaa, na wadogo wa kidato cha kwanza wanaotumwa jikoni kuchuma mboga jioni wameambiwa wapite kando.